Kutazama Ndege za Watu

Mume wa aliyekuwa mke wangu alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo jambo ambalo sikuweza kumsamehe. Angekuwa mlevi, ningepata pa kushika. Angekuwa mkali kwa mtoto, ningekwenda kugonga mlango wake kule Stanmore, pembezoni mwa London, na kila mtu angeniona nina haki. Lakini alikuwa Mwingereza mpole, mrefu, nywele zimeanza kumhama utosini, kazi yake kuchora ramani za mabomba ya maji. Kila nilipokwenda kumchukua mwanangu Jumamosi alinifungulia mlango mwenyewe na kuniuliza kama nitakunywa chai. Sikuinywa hata siku moja.

Mimi na mama wa mtoto tulikutana London mwishoni mwa miaka ya themanini. Yeye alikuwa muuguzi, ametoka Nakuru. Mimi nilikuwa kijana wa Morogoro niliyekuja kusoma, masomo yakanishinda, nikabaki. Siku za mwanzo tulikuwa tunachekana Kiswahili. Mimi nikisema "naomba chai", yeye anasema "leta chai", nami namwambia nyie Wakenya mnaamrisha hata Mungu. Tulioana, tukapata mtoto mmoja wa kiume. Nikapata kazi ya kuendesha basi, wiki hii zamu ya alfajiri, wiki ijayo ya jioni, naye ana zamu zake za hospitali, na kidogo kidogo tukawa kama wapangaji wawili wanaopokezana ufunguo. Hakukuwa na kisa kikubwa. Siku moja alisema amechoka kuwa peke yake ndani ya ndoa. Nikamjibu jeuri. Baada ya hapo tuliongea kupitia mawakili.

Nikapata chumba na sebule Tottenham, ghorofa ya juu katika majengo ya halmashauri, lifti inafanya kazi ikijisikia. Yeye akaolewa Stanmore, kwenye nyumba yenye bustani mbele na nyuma. Mtoto nilikuwa nampata Jumamosi moja naikosa inayofuata. Tunapanda treni pamoja, tunakula, tunatazama televisheni, jioni namrudisha. Kiswahili alikisikia chote. Nikimwambia "njoo ule", anakuja, anakula, halafu anashukuru kwa Kiingereza. Mama yangu akipiga simu kutoka Morogoro, mtoto anashika simu kwa mikono miwili, anasikiliza mpaka mwisho, anasema "ndiyo, bibi", kisha ananirudishia simu kana kwamba imemuunguza.

Mambo ya ndege niliyajua siku tuliyokuwa tumekaa kwenye roshani yangu tunakula wali na maharage. Kikapita kishindo juu ya mawingu. Hatukuona kitu. Mwanangu, bila kuinua macho kwenye sahani, akataja aina ya ndege, idadi ya injini zake, na mahali inakolala.

"Nani amekufundisha hayo?" nikamuuliza.

Akataja jina la kwanza la mume wa mama yake. Alilitaja kwa wepesi, kama unavyotaja jina la rafiki yako wa shule.

Ndipo nikajua kwamba Uingereza kuna watu, wengi wao wanaume, ambao starehe yao ni kusimama nje ya viwanja vya ndege na kutazama ndege zikiruka na kutua. Hawasafiri. Wanatazama tu. Wanasoma namba zilizoandikwa mkiani, wanapiga picha, wanarudi nyumbani wameridhika kama watu waliotoka harusini. Wengine wanapenda ndege za abiria. Huyu bwana alipenda za kivita, na kwa ajili ya hizo alikuwa radhi kuvuka bahari. Alikuwa ameshampeleka mwanangu Ubelgiji na Ujerumani, mwishoni mwa wiki zile ambazo si zangu.

Mimi nilikuwa mtoto wakati wa vita vya Kagera. Ndege ya jeshi ikipita juu yetu, bibi alikuwa anatukusanya ndani na kufunga mlango kwa komeo, kana kwamba ubao ungezuia bomu. Kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuendesha gari siku nzima kwenda kuvitafuta vyuma vile, tena na mtoto, lilikuwa jambo ambalo sikuweza kumweleza mtu yeyote kanisani bila kuchekwa. Lakini mwanangu alikuwa anavipenda. Basi na mimi nikaanza kujifunza.

Njia yangu ya basi ilipita Kingsbury, kwenye zile barabara za maduka ya Wagujarati, sari madirishani na maboksi ya maembe mlangoni. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka la magazeti, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wahubiri wetu. Nikawa nanunua kwake jarida la ndege za kivita kila mwezi.

"Unataka kununua ndege, bwana?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Mwanangu anazipenda."

"Basi umesalimika. Wa kwangu anapenda magari, na magari anayataka kweli."

Nilikuwa nasoma jarida lile wakati wa mapumziko, ndani ya basi tupu, nikijaribu kukariri. Mabawa yaliyolala nyuma, mabawa ya pembetatu, mkia mmoja, mikia miwili. Jumamosi nikimpata mwanangu, nachomeka neno nililojifunza, naye ananisahihisha kwa upole. Upole ule haukuwa wangu wala wa mama yake. Nilijua ulikotoka.

Majira ya joto ya mwaka wa elfu mbili na moja, kabla dunia nzima haijaanza kuogopa ndege, mama yake akanipigia simu.

"Sikiza," akasema. "Kuna kambi ya ndege huko Uholanzi. Wanafungulia watu milango wikendi hii. Walikuwa waende wote wawili, hoteli imeshapangwa, lakini mgongo umemshika mume wangu, hawezi hata kuinama kufunga viatu. Mtoto analia chumbani. Wewe hulalamika ati hatukupi nafasi. Si umpeleke?"

Nilijua vizuri kwamba naitwa kuziba pengo. Lakini mtu mwenye njaa haulizi chakula kilipikwa kwa ajili ya nani. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikapeleka gari langu kukaguliwa matairi na breki, na usiku wa kuamkia safari nikapika chapati na kuku wa kukaanga, nikafunga vizuri kwenye karatasi za alumini.

Asubuhi, pale Stanmore, yule bwana alitoka mpaka barabarani, ameshika kiuno kama mama mjamzito. Alikuwa amenichorea ramani. Ilikuwa ramani nzuri kupita kiasi: barabara kwa wino mweusi, mahali pa kujaza mafuta, mahali penye vyoo safi, na duara jekundu kuonyesha tuta la udongo ambalo ukisimama juu yake unaiona ndege ikija usawa wa uso wako. "Kuna foleni hapa," akaniambia, akigusa karatasi kwa kidole, "lakini mtoto anaijua njia ya kukwepa." Kisha akambusu mwanangu kichwani. Mwanangu akamkumbatia taratibu, akijihadhari na ule mgongo.

Njiani tulikwenda vizuri. Tulivuka kwa meli kutoka Dover, akanionyesha jinsi ya kushika upande wa kulia wa barabara, ingawa nilikuwa naendesha kulia kabla hata ya... hapana, niseme kweli, sikuwahi, na mara mbili aliniokoa kwenye mizunguko ya barabara. Tulicheka. Nikamsimulia jinsi babu yake alivyowahi kununua pikipiki kabla ya kujua kuiendesha, akaisukuma kutoka stesheni mpaka nyumbani huku amevaa kofia ya chuma. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimwambia yote kwa Kiswahili na alicheka mahali panapostahili. Nikawaza, kumbe haya ndiyo niliyokuwa nayakosa, kukaa na mtoto wangu ndani ya gari siku nzima, hakuna saa ya kumrudisha.

Tulipofika, alasiri ilikuwa bado changa. Nje ya kambi, kando ya ua mrefu wa waya, walikuwa wamejipanga watu mamia, wengi Waingereza na Waholanzi, wamevaa makoti yenye mifuko mingi, na viti vya kukunja na chupa za chai. Ndege za wageni kutoka nchi nyingine zilikuwa zinaingia siku ile kwa ajili ya maonyesho ya kesho yake. Wengine walikuwa na redio ndogo za kunasa maongezi ya marubani. Redio ikikoroma, wote wanasimama pamoja, kama kanisani injili inaposomwa.

Ya kwanza niliyoiona ilikuwa F-16. Ilikuja chini, imeinua pua, kimya mwanzoni, halafu sauti yake ikatufikia na kutupiga kifuani. Miguu yangu ilitaka kukimbilia ndani ya nyumba ya bibi. Nikamtazama mwanangu. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa. Sijawahi kumwona mtu akiwa na furaha safi namna ile, na kwa dakika ile sikujali furaha hiyo ilitokana na nini. Mimi ndiye niliyemleta.

Tatizo lilikuwa ngazi. Kwenye ule ua wa waya kulikuwa na kitambaa cha kijani kilichozuia watu kuona ndege zikishaanza kutembea ardhini, na kila mtu alikuwa na ngazi yake fupi ya bati. Sisi hatukuwa nayo. Ramani haikusema habari ya ngazi, nadhani kwa sababu mchoraji hakufikiri kama kuna mtu asiyejua.

"Yeye huwa anaiweka kwenye buti la gari," mwanangu akasema kwa Kiingereza.

"Panda mabegani kwangu," nikamwambia.

Alinitazama. Alikuwa karibu miaka kumi na miwili, miguu mirefu, viatu vikubwa kuliko vyangu. Akaangalia kushoto na kulia kama kuna aliyesikia. "Usijali," akasema.

Hapo ndipo akatokea mzee mnene, uso umeiva kwa jua, akija kwetu huku anacheka, na akamwita mwanangu kwa jina.

"Nilijua ni wewe! Baba yako yuko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshatabasamu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

"Yuko nyumbani," mwanangu akajibu. "Mgongo umemshika."

"Masikini! Mwambie nimemtafuta. Na huyu bwana?"

Mwanangu hakunitazama. Alikuwa anatazama ule uwanja, ingawa wakati huo haukuwa na ndege hata moja.

"Huyu ni dereva," akasema. "Ndiye aliyenileta."

Mzee akaushika ule mkono wangu niliokwisha kuunyoosha, akautikisa kwa nguvu. "Safi sana," akaniambia. "Si wengi wangekubali kuendesha mbali hivi kwa ajili ya mtoto wa mtu."

Neno nilikuwa nalo mdomoni. Ni neno fupi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Lakini niliona mshipa wa shingo ya mwanangu ukicheza, mshipa uleule uliokuwa ukicheza tangu akiwa mchanga kila aliposhikwa na hofu, nikajua kwamba nikilisema nitamvua nguo mbele za watu. Nikalimeza. Nikasema, "Si kitu, bwana."

Mzee akatuletea ngazi yake ya akiba. Akanipa na kiti, na biskuti. Walikuwa watu wakarimu kweli. Mwanangu alipanda juu ya ngazi akawa anazungumza nao, anacheka, anataja namba za mikia kabla hawajazisoma, na wao wanampongeza na kusema baba yake amemfundisha vizuri. Mimi nilikaa chini nyuma yao, natazama soli za viatu.

Baadaye upepo ukageuka. Redio zikasema ndege zitaanza kutua kutoka upande wa pili, na umati wote ukaanza kukusanya viti. Gari la yule mzee lilikuwa limeachwa mbali sana. Akamgeukia mwanangu, si mimi, akamuuliza:

"Unadhani dereva wenu anaweza kutusogeza?"

"Ndiyo," mwanangu akasema.

Basi nikawasogeza. Yule mzee alikaa mbele pembeni yangu, wenzake wawili nyuma pamoja na mwanangu, ngazi zimelala juu ya mapaja yao. Gari lilinuka kuku wangu wa kukaanga, ambaye hakuna aliyemgusa. Walikuwa wakiongea juu ya injini. Kisha yule mzee, kwa adabu tu, akaona si vizuri kuniacha nje ya mazungumzo.

"Umetoka nchi gani wewe?"

"Tanzania."

"Ah! Simba!"

"Ndiyo. Simba."

"Na umefanya kazi kwa familia hii muda mrefu?"

Niliangalia kwenye kioo. Mwanangu alikuwa amegeuza uso dirishani, lakini nilijua anasikiliza, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya sungura.

"Tangu mtoto alipozaliwa," nikasema.

"Ndiyo maana mmezoeana," akasema mzee, ameridhika.

Jioni tulikwenda kwenye hoteli iliyopangwa, nyumba ndogo ya matofali kando ya mfereji. Chumba kilikuwa kimeandikwa kwa jina la yule bwana, na mama mwenye nyumba akaniita kwa jina hilo, nami sikumsahihisha. Nilikuwa nimechoka kusahihisha watu. Tulikaa kula chipsi na samaki. Nilisubiri amalize kula, kwa sababu bibi yangu alitufundisha kwamba mtu hagombezwi na chakula mdomoni.

"Kwa nini umewaambia mimi ni dereva?"

Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Wewe ni dereva."

"Mimi ni baba yako."

"Najua."

"Sasa?"

Akaanza kuchorachora kwenye chumvi iliyomwagika mezani. "Wao wanamjua yeye. Kila tukienda wanamwita baba yangu, na sisi hatusemi kitu, tunaacha. Ningesema wewe ndiye, wangeuliza maswali."

"Maswali gani?"

"Kama haya."

Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumpakata, na kwa umri wake yote mawili yalikuwa yamepitwa na wakati. Nikamwambia, "Ungeweza hata kusema mimi ni mjomba." Akafikiri kwa makini, kama mtu anayepima hesabu, akasema, "Sikuwaza haraka."

Halafu akaongeza jambo ambalo nadhani hakukusudia liume. "Na wewe huzipendi ndege. Unazisoma tu."

Siku ya pili, milango ya kambi ilifunguliwa, na watu wakamiminika ndani na watoto mabegani, puto na aiskrimu, kana kwamba ni sherehe za mavuno. Mabomu yalikuwa yamepangwa chini ya mabawa, yamepakwa rangi safi, kila moja na kibao chake cha maelezo. Wazazi walikuwa wanawapiga watoto picha wamekaa juu yake. Mwanangu alikutana na wale wazee wake langoni. Aliniuliza kama naona sawa yeye akizunguka nao, nami nikasema sawa. Nikarudi kwenye gari, nikafungua redio ya Kiholanzi, nikala chapati baridi. Juu yangu vijana wa nchi tajiri walikuwa wanapindua ndege na kuchora mioyo angani kwa moshi, na kila walipomaliza makofi yalisikika mpaka kwenye maegesho. Nilikuwa na kiu lakini sikutaka kwenda kununua maji, nisije nikapishana nao nikalazimika kutoa salamu za kidereva.

Tulirudi Jumapili. Pale bandarini Dover, tuliposhuka melini, afisa wa uhamiaji wa Kiingereza akachukua pasipoti zetu mbili. Majina yetu ya mwisho hayafanani. Mtoto alipozaliwa nilimpa jina la baba yangu, babu wa ile pikipiki, na mimi mwenyewe naitwa kwa jina la babu yangu, ndivyo tunavyofanya kwetu. Nilidhani nampa heshima. Afisa aliangalia pasipoti, akaniangalia mimi, akainama kwenye dirisha la upande wa mtoto.

"Huyu bwana ni nani kwako?"

Kulikuwa na magari nyuma yetu. Nilishika usukani.

"Ni baba yangu," mwanangu akasema.

"Una hakika?"

"Ndiyo. Ni baba yangu."

Afisa akaturudishia pasipoti, tukapita. Nilisubiri. Nilidhani baada ya kulisema neno lile kwa sauti, tena mara mbili, labda lingemlegeza ulimi na angeongeza lingine. Alivaa vile vidude vyake vya kusikilizia muziki, akaegemeza kichwa kwenye mkanda, akalala mpaka London. Kwa afisa alilazimika kusema kweli, la sivyo tungezuiliwa. Kwa wale wazee hakulazimika. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafakari kwenye barabara ya Kent yote, mvua inanyesha, wipa moja inakwaruza.

Stanmore, mume yule alifungua mlango kabla hatujagonga. Mwanangu akaamka kabisa. Akaanza kumweleza ndege zote kwa pamoja, mlangoni hapohapo, begi bado liko mkononi, na yule bwana anasikiliza amefumba macho kwa raha, anauliza, "Na mkia wake ulikuwa na rangi gani?" Mama yake akatoka jikoni akanisalimia.

"Mmefurahi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Tumefurahi."

"Hajakusumbua?"

"Hajanisumbua."

Alinitazama kidogo. Alikuwa amenijua miaka mingi, na nadhani aliona kitu, lakini haikuwa tena kazi yake kuniuliza. Yule bwana akanishika bega, akasema kwa moyo wake wote, "Asante sana kwa kumpeleka." Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Sikumwambia mtu. Niliendelea kununua jarida kule Kingsbury, kwa ukaidi nadhani, nikijiandaa kwa safari nyingine ambayo hakuna aliyeniahidi. Nikafikia hatua ya kuzijua ndege kwa sauti. Kisha Septemba ikaja, na vita vya Afghanistan, na vya Iraki, na zile ndege nilizoziona zikichora mioyo nikaziona kwenye televisheni zikifanya kazi zilizotengenezewa. Nilimuuliza mwanangu Jumamosi moja anaonaje. Akanyanyua mabega. Siku yake ya kuzaliwa nikampelekea kitabu kikubwa cha picha, jalada gumu, ndege zote za kivita za Ulaya. Alikuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Aligeuza kurasa kwa adabu.

"Siendi tena kwenye hayo mambo," akaniambia. "Niliacha zamani. Mama hakukwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Sasa ilikuwa gitaa. Yule mzee wa duka la magazeti aliponiwekea toleo la mwezi uliofuata, nikamwambia amuuzie mwingine. Alilirudisha rafuni.

Mwanangu alipokwenda chuo kikuu, kaskazini, nilipigiwa simu na mtu ambaye hakuwahi kunipigia. Ilikuwa sauti ya yule bwana, taratibu, akiomba radhi kabla ya kusema neno. Mgongo ulikuwa umeharibika, amefanyiwa upasuaji, hawezi tena kuendesha gari mwendo mrefu. Kulikuwa na kambi moja Ujerumani inayofungwa, ndege za aina fulani zitaruka kwa mara ya mwisho. Mtoto hataki kwenda. Marafiki zake wale wa zamani, mmoja amefariki, wengine wamezeeka.

"Nimefikiri," akasema, "wewe ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kwenda. Na mtoto alisema uliwahi kuzisoma sana. Tungekwenda pamoja, sisi wawili. Gharama zote ni zangu."

Nilikuwa nimekaa kitandani, nimevaa sare, viatu bado sijafunga. Kitu fulani ndani yangu kilitaka kwenda, na hilo liliniudhi zaidi ya ombi lenyewe. Nilijiona tumekaa ndani ya gari, wanaume wawili, kutwa nzima, tukiwa na mtu mmoja tu wa kuongelea.

"Nina zamu," nikamwambia.

"Bila shaka," akasema. "Bila shaka. Samahani kwa usumbufu."

Sikuwa na zamu. Na sijajuta.

Wiki kadhaa baadaye mwanangu akanipigia. Yeye hupiga simu Krismasi na siku yangu ya kuzaliwa, na siku hiyo haikuwa yoyote kati ya hizo, kwa hiyo nilipoona namba yake nilipokea upesi. Aliongea haraka, sauti imeshakuwa nzito.

"Alikuomba umpeleke Ujerumani, ukakataa."

"Nilikuwa na kazi."

"Ilikuwa wikendi moja. Hakuwa na mtu mwingine. Alikaa nyumbani, akazitazama kwenye kompyuta. Unajua ilimgharimu kiasi gani kukupigia wewe? Alizunguka na simu mkononi siku nzima, mama ameniambia."

"Na wewe mwenyewe kwa nini hukumpeleka?"

"Nilikuwa na mitihani," akasema. "Lakini ningempeleka kama ningejua utakataa. Nilidhani utakubali. Ningekuwa mimi ndiye niliyeombwa, kwa ajili yako, ningetaka mtu akubali."

Sikuielewa sentensi ile, na sidhani kama yeye mwenyewe aliielewa; alikuwa na hasira na Kiingereza chake kilikuwa kinajikwaa. Nilimuuliza anaendeleaje na masomo. Akasema vizuri. Nilimuuliza kama kule kuna baridi. Akasema ndiyo. Kisha akasema ana mahali pa kwenda, akakata.

Nilikaa pale sebuleni, chini watoto wa jirani wanagombania lifti. Katika maisha yake yote hakuwahi kunipigia simu kwa hasira. Hakuwahi kunipigia kunitaka nimjibu jambo. Alikuwa amefanya hivyo mara hii kama mtoto aliyelelewa vizuri, anayejua kusimama kumtetea baba yake.